Jukwaani Umeletwa na Nani?

Enyi mafundi wa leo, mnaofika uwanjani na sanduku moja lenye magurudumu, mkabonyeza simu na muziki ukalia, nawapenda sana lakini nawaonea gere. Mimi nilifika uwanjani na mkokoteni. Nilikuwa na betri za lori, amplifaya nzito iliyochoma mkono ukiigusa, spika za honi zenye midomo mipana, na waya uliofungwa bendeji ya hospitali kila ulipochunika. Jina langu Japhet Mkala, mzaliwa wa Rabai, mkazi wa Tudor hapa Mombasa, na kazi yangu maisha yote ilikuwa kuwafanya watu wasikike. Nimefunga vipaza sauti harusini, mazishini, kwenye maulidi na kwenye mikutano ya injili. Lakini mikutano ya siasa ndiyo iliyonilisha na ndiyo nitakayowasimulia, maana yaliyotokea mwishoni mwa kazi yangu bado yananirusha moyo kila nikiyakumbuka.

Ufundi kwanza, msije mkasema mzee ameanza siasa kabla ya chai. Kisiwani kwetu upepo ndio mkubwa wa kazi. Ukielekeza honi kule upepo unakotoka, maneno yote yanamrudia mwenyewe na watu wanabaki kutazama midomo. Ielekeze kule upepo unakokwenda, na uiinue juu ya vichwa, kwa sababu miili ya watu inameza sauti. Uwanja mtupu wa asubuhi unakudanganya. Ukijaa watu saa tisa, sauti uliyoiona kubwa inakuwa ndogo. Na usijaribu maiki ukiwa umesimama karibu na mitambo yako. Mpe mwenzako ahesabu moja mbili, wewe tembea mpaka pale atakaposimama mtu wa mwisho kabisa, yule aliyechelewa na hana kiti. Akisikia huyo, wote wamesikia.

Hayo alinifundisha Bwana Jivan, fundi wa redio aliyekuwa na kiduka nyuma ya maduka ya kanga ya Biashara Street. Nilianza kwake kwa kubeba betri. Siku aliyoniruhusu nifunge mkutano peke yangu kwa mara ya kwanza, niliitega honi nyuma tu ya meza ya wageni, mdomo wake ukiitazama maiki. Niliona imependeza pale. Mgeni rasmi alipofungua kinywa, honi ikapiga mluzi uliowatimua kunguru wote wa mitaa ile, na mgeni mwenyewe akaingia chini ya meza akidhani amevamiwa. Bwana Jivan alikuja mbio na ndala zake mkononi, akazima mtambo, akanivuta kando. Nilitegemea matusi. Akaniambia kwamba maiki ikisikia sauti yake yenyewe hupiga makelele, na kwamba sasa nimeshazijua tabia za wateja wetu.

Tulicheka wiki nzima. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini alikuwa na kisa kimoja ambacho hakukisimulia kwa mzaha kamwe. Alianza kazi hii akiwa kijana, kabla ya uhuru, akikodiwa kufunga vipaza sauti kwenye hafla za serikali ya mkoloni. Mpango wa viti, aliniambia, ulikuwa umeshaamuliwa kabla hajafika. Wazungu walikaa mbele chini ya turubai, kwenye viti vya mito. Nyuma yao viti vya kawaida vya Wahindi na Waarabu, kila watu upande wao. Kisha mabenchi ya wazee wachache wa Kiafrika waliochaguliwa. Halafu kamba, na nyuma ya kamba Waafrika wengine wote, wamesimama juani. Honi zote zilielekezwa kwenye viti. Bwana Jivan alipouliza mbona hakuna hata moja inayotazama nyuma ya kamba, aliambiwa kwamba wale watapelekewa habari na wazee wao.

Sasa hapo tegeni masikio, vijana, maana ndipo penye kiini cha maneno yangu. Msidhani lilikuwa jambo la Mzungu mmoja mwenye roho mbaya. Wema walikuwepo, na kamba ilikuwepo vilevile, kwa kuwa serikali yenyewe ilisukwa hivyo. Shule zilikuwa za rangi, hospitali za rangi, mishahara ya rangi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulikuwa wa rangi: huyu apewe mchele, yule apewe unga, na ndani ya mji huu watu wa nyumba moja walianza kujikana undugu kwa ajili ya sahani ya wali. Hata viti vya baraza la mji viligawanywa kwa rangi. Kila fungu liliambiwa lilete mtu wake wa kulisemea. Ukiwa na shida ya maji au ya taka, hukuulizwa shida yako ni nini. Uliulizwa kwanza wewe ni wa fungu gani.

Uhuru ulipokuja kamba ilikatwa, na Bwana Jivan alisema alilia kwa furaha siku alipogeuza honi zake kuwatazama watu waliosimama. Lakini mpango wa mafungu uliachwa kama ulivyo, ukapewa jina zuri la jamii. Wanasiasa wetu waliupenda mno. Kuwashawishi watu elfu moja ni kazi ya kutoa jasho, ilhali kumwita mzee mmoja, ukamkalisha mbele, ukamwambia awalete watu wake, ni kazi ya kikombe kimoja cha kahawa.

Nimefunga mikutano ya vyama vilivyotukanana mpaka matusi yakaisha, na jukwaa lilikuwa lile lile. Wazee wa Kimijikenda hapa, Waswahili wa miji pale, Waarabu, Wahindi, kisha watu wa bara kabila kwa kabila, kila kundi na mzee wake. Mshereheshaji anashika maiki anaita: jamii fulani mko wapi? Wanapiga kelele. Jamii fulani? Kelele tena. Mkubwa anatikisa kichwa, anajumlisha moyoni. Halafu vyeo vinagawanywa kwa hesabu hiyo: mkubwa akitoka pwani, naibu atoke bara, wale wakipewa hiki, hawa watulizwe na kile. Watu wanaita hiyo siasa, nami kwa miaka mingi niliiita kazi, kwa sababu nililipwa nikaenda zangu nyumbani.

Kuna siku jukwaa lilijifichua lenyewe, nami nilicheka hadi nikashika mbavu. Maiki zisizo na waya ndiyo kwanza zimeingia mjini. Nilimbandika mheshimiwa mmoja kile kimaiki cha kola, nikamwonyesha kitufe cha kuzima. Akahutubia vizuri kabisa kuhusu umoja, kwamba sisi sote ni ndugu, akapigiwa vigelegele. Kisha akaenda nyuma ya hema bila kugusa kitufe. Uwanja mzima ukamsikia akimwambia msaidizi wake awasogeze Waarabu mbele wapigwe picha, Wahindi wapewe soda baridi kwa sababu ndio wenye michango, na wale wa mashambani wakae nyuma, wao wanatosheka na fulana. Nilikuwa na mkono juu ya mtambo. Ningeweza kuzima. Lakini Bwana Jivan alinifundisha kwamba fundi haongezi neno wala hapunguzi, basi nikaheshimu mafundisho ya mwalimu wangu.

Mlidhani watu walikasirika? Waliangua kicheko, kisha kila mtu akasogea alikopangiwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwamba walikuwa wamesikia wazi na bado wakasogea. Huko ndiko desturi inakofika ikikaa muda mrefu. Haihitaji askari tena.

Sasa nifike kwa Zuhura. Zuhura alikuwa jirani yangu hapa Tudor tangu akiwa na meno ya utoto. Babake, Wafula, alitoka bara akaja kuendesha kreni bandarini. Mamake ni wa Mji wa Kale, wa asili ya Kibulushi, katika zile nyumba ambazo bibi anataja nasaba mpaka ng'ambo ya bahari. Walipooana kila upande ulinuna, kisha wakazaliwa watoto na minuno ikalegea. Zuhura aliuza kanga Biashara Street, na ulimi wake ungeweza kukuuzia doti mbili ukiwa umeingia kuuliza njia. Alipokwenda kuomba kitambulisho, alikalishwa mbele ya jopo la wazee akaulizwa babu wa mamake alitoka wapi. Rafiki yake wa darasa moja aliyepiga foleni nyuma yake alikipata bila swali hata moja. Zuhura alirudi akacheka, lakini nilimwona macho yake.

Mvua za masika zilikuwa zikiingia majumbani Mji wa Kale kwa sababu mitaro ilikuwa imeziba. Zuhura akawatoa wanawake wa madukani, wenye tuktuk na vijana wa mtaani, wakaingia mitaroni na majembe. Kila walipokwenda serikalini kudai msaada waliambiwa wamlete mzee wa jamii yao. Waliporudi mara nyingi mikono mitupu, Zuhura akaamua kugombea kiti cha mwakilishi wa wadi hiyo ya Mji wa Kale. Nilifurahi nikasahau umri wangu. Nilimwambia siku akisimama kuhutubia nitamfungia sauti mwenyewe, hata kama nimestaafu.

Chama alichoingia kikaitisha mkutano mkubwa uwanja wa Tononoka, na kazi ya sauti nikapewa mimi. Utaratibu ulikuwa ule wa siku zote: kila anayetaka tikiti ya chama, ya kugombea kwa jina lake, ataletwa jukwaani na mzee wa jamii yake. Mzee anashika maiki, anasema huyu ni mtoto wetu, kisha anamkabidhi maiki azungumze mbele ya kiongozi wa chama. Asiyeletwa hasemi, na asiyesema hapati tikiti. Mpinzani wake Zuhura, kijana mmoja wa tajiri wa maduka, alikuwa na wazee wawili wa kumleta, mmoja wa akiba.

Nilikuwa chini ya turubai langu nikipanga nyaya Zuhura alipokuja, uso umelowa jasho na ushungi umemkaa upande. Alikuwa amekwenda kwa mzee wa Mji wa Kale, Mzee Abdulrasul, mtu wa heshima aliyemjua tangu utotoni. Mzee alimwambia kwa upole kwamba babake ni mtu wa bara, aende akaletwe na wazee wa bara. Akaenda kwa wazee wa bara. Nao, kwa upole vilevile, wakamwambia kwamba amelelewa kwa desturi za kina mamake, asili yake ni ya Mji wa Kale, arudi huko. Akarudi kwa Mzee Abdulrasul mara ya pili, na safari hii mzee akajifanya anazungumza na simu.

Damu ilinichemka, nawaambia kweli. Nilimkumbuka Bwana Jivan na kamba yake. Mkoloni ameondoka mimi nikiwa mtoto, na huyu binti aliyezaliwa juzi anahangaishwa na mafungu yaliyokatwa na mkoloni huyo, na wanaomhangaisha ni watu wema waliomfurahia alipozaliwa.

Saa zikaenda. Kiongozi wa chama alikuwa hajafika, msafara wake umekwama kwenye foleni ya magari pale Kibarani, na mshereheshaji akaanza kuishiwa. Aliitwa Kitsao, kijana mchangamfu wa Kigiriama mwenye sauti ya kuamsha mji. Alikuwa ameshacheza kila wimbo. Alikuwa ameshaita jamii zote moja moja, na kila moja imepiga kelele. Sasa akaanza kuziita upya, na watu walipiga kelele za kuchoka. Kwenye mtambo wangu kuna vitaa vinavyopanda kwa ukubwa wa sauti: kijani, manjano, kisha nyekundu. Vyote vilikuwa vinaishia kijani.

Zuhura alisimama kando yangu akiutazama uwanja. Akainama sikioni.

"Mzee Mkala, wasikia anavyoita? Kuna watu hapa tangu asubuhi hawajaitwa."

"Kina nani?"

"Watazame tu."

Nikatazama. Wanawake wa Biashara Street walikuwa wamejipanga ukutani, hawajainua mkono hata mara moja. Wenye tuktuk walikaa juu ya tuktuk zao. Palikuwa na familia zilizokaa mahali pasipo fungu, mume wa huku na mke wa kule, wanangoja tu mkutano uishe. Palikuwa na Wamakonde, Wapemba, Wanubi, watu ambao hesabu ya jukwaa haijawahi kuwakumbuka. Nikajaribu kuwahesabu, nikashindwa.

Sasa niwape siri ya kazi. Kwenye mkutano wa siasa mtu anayeweza kupanda jukwaani wakati wowote bila kuulizwa ni mmoja tu, yule aliyeshika waya. Walinzi humsukuma diwani, lakini fundi mwenye utepe mweusi wa kufungia nyaya mkononi wanampisha njia. Basi nikachukua utepe wangu, nikapanda, nikajifanya naifunga maiki ya Kitsao inayolegea. Nilipokuwa nimeinama nikamwambia awaite wale ambao hajawaita. Akaniuliza kwa jicho ni kina nani hao. Nikamwambia wao wenyewe wanajijua.

Kitsao hakuwa na kingine cha kusema. Akavuta pumzi.

"Na wale ambao sikuwataja," akasema, "mko wapi?"

Kimya. Vijana, nimesikia ukimya mwingi katika kazi hii, wa umeme kukatika na wa mheshimiwa kusahau hotuba, lakini ule ulikuwa mrefu kuliko wote. Nilidhani nimemharibia binti wa watu. Wazee waliokaa mbele wakageuka kutazama nyuma.

Kisha mwanamke mmoja pale ukutani akapiga kigelegele. Kimoja tu, chembamba, kama anakijaribu. Mwingine akamjibu. Wenye tuktuk wakabonyeza honi zao, na halafu uwanja ukalipuka! Nilikuwa nimerudi kwenye mtambo. Vitaa vikapanda kijani, manjano, vikagonga nyekundu vikakaa huko huko, ikabidi niishushe sauti kwa mikono miwili amplifaya isiungue. Na kumbe hawakuwa wa ukutani peke yao. Hata ndani ya mafungu yaliyokwisha kuitwa watu walikuwa wanasimama. Mzee mmoja wa upande wa Waluhya alisimama akamvuta mkewe Mdigo naye asimame, wakapunga mikono yao yote minne. Mimi mtu mzima nilikuwa naruka pale chini ya turubai na nyaya zimenizunguka miguu.

Kitsao alikuwa amechanganyikiwa kwa furaha. Akauliza nani atawasemea hao. Wanawake wa madukani wakaanza kulitaja jina la Zuhura, kwanza wachache, kisha kila mahali. Akaondoka pale kwangu akatembea mpaka ngazi za jukwaa. Hapo akakuta mtu wa chama mwenye jukumu la ratiba, suti nyeusi katika joto la Mombasa, amesimama mbele ya ngazi na mikono ameitanua.

"Umeletwa na nani?" akamuuliza.

Kitsao alikuwa karibu na maiki iko wazi, kwa hiyo uwanja wote ulisikia swali, ukasikia na jibu.

"Nimekuja na miguu yangu, bwana. Nipishe nipande nayo."

Kicheko kilichopigwa pale kilimsogeza yule bwana chenyewe. Zuhura akapanda, akapokea maiki kutoka kwa Kitsao, na akazungumza kuhusu mitaro. Mitaro tu! Maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, nyumba gani zinalowa. Alisema maji hayo yakiingia hayaulizi kabila la mwenye godoro. Kiongozi wa chama akafika katikati ya hotuba, akakuta watu wanamshangilia mtu asiye katika ratiba. Wanasiasa si wajinga. Kabla ya wiki kwisha Zuhura alikuwa na tikiti, na uchaguzi ulipofika alishinda.

Ningekoma hapo mngepata hadithi tamu, mkaenda nyumbani mkidhani mambo yamekwisha. Lakini sikilizeni yaliyofuata, maana ndiyo yanayowahusu nyinyi.

Kwanza chama kikaanza kutamba mjini. Upande mmoja kilisema kimewapa Mji wa Kale kiti. Upande wa pili, mtaa wa pili, kikasema kimewapa watu wa bara kiti. Mwanamke ni yule yule mmoja! Kisha Zuhura akaja kwangu jioni moja, na sahani ya halua, akakaa kwenye kibaraza changu, na nikaona ana jambo linalomtatiza. Alikuwa anaandaa baraza lake la kwanza na wananchi. Wazee wa kila jamii wangekaa mbele kama kawaida. Na watu wetu, akasema, wale wasiotajwa, nao sasa wanataka kiti chao na mzee wao. Walikuwa wamekutana wakanichagua mimi, Mkala, niwe mzee wao.

Sikuamini masikio yangu. Nilimuuliza kama ananitania.

"Sitanii, Mzee wangu. Bila kiti hawatatuhesabu. Wewe mwenyewe wawajua, wao wahesabu viti."

Msimcheke. Alikuwa anasema kweli. Mtaro wa maji unapata fedha kwa hesabu hiyo hiyo. Ukikataa kuingia kwenye fungu, fungu jingine linakuja kula sehemu yako huku unaimba nyimbo za umoja. Na mimi, sifichi, nilijiona pale mbele, koti na kofia mpya, napewa soda baridi. Ilinipendeza kwa muda wa kama kumeza kipande kimoja cha halua. Kisha nikamuuliza Zuhura: kijana ajaye, mwenye shida yake, asiyekubaliwa na jamii hizi za zamani wala na hii yetu mpya, yeye ataletwa na nani. Zuhura alimaliza chai yake, akaaga, akaondoka, na sikujua ameamua nini.

Siku ya baraza nilikwenda kama mtu wa kawaida tu, nikasimama nyuma kabisa, kwa mazoea ya kazi, kupima sauti. Viti vilikuwepo mbele, vya jamii zote, na wazee wamekaa. Zuhura alipanda peke yake. Akawasalimia wazee kwa heshima zote, akawashikia mikono. Kisha akasema leo kila anayetaka kusema atapanda mwenyewe, ataje jina lake, anapoishi na shida yake, basi. Minong'ono ikazuka. Wazee wawili waliinuka wakaondoka, na mtu wa chama mwenye suti nyeusi akatoka nje na simu yake. Zuhura alisimama ameinyoosha maiki mbele, akingoja, na hakuna aliyepanda. Alijua, nami nilijua, kwamba asipopanda mtu hapo hatakipata tena kiti chake cha uwakilishi, na mpango ule utarudi kama ulivyokuwa.

Aliyeinuka alikuwa Mzee Abdulrasul. Alipanda ngazi pole pole, akaichukua maiki, akaiweka karibu na mdomo kama mtu aliyeshika nyingi maishani.

"Kwa niaba ya jamii ya..." akaanza, akanyamaza.

Akawatazama watu. Akaanza tena na maneno yale yale, akakwama pale pale, na nikafahamu kwamba katika umri wake wote hakuwahi kuanza kwa namna nyingine. Hakuna aliyecheka. Kichwa chake kikainama kidogo, na aliposema tena sauti ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, lakini mimi niliyesimama mahali pa mtu wa mwisho niliisikia yote.

"Mimi naitwa Abdulrasul. Nakaa Mji wa Kale. Nyumba yangu yaingia maji."